Ua wa Pevingi Si Bustani

Ukipita mitaa mipya ya Goba, Madale, Kibada au Chanika, mpangilio ni uleule nyumba baada ya nyumba. Ukuta umepita kimo cha mtu, geti la chuma limepakwa rangi, na ndani, kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma, ardhi yote imefunikwa kwa pevingi. Pembeni vimepangwa vyungu vitatu vinne vya saruji vyenye maua yaliyonunuliwa kwa wauza miche wa kando ya barabara. Mwenye nyumba akikukaribisha atakuonyesha eneo hilo kwa fahari, na fahari hiyo ni haki yake, maana wengi hapa Dar es Salaam hujenga tofali kwa tofali kwa miaka mingi. Atakwambia hii ndiyo bustani yetu.

Jasho lile naliheshimu, ila bustani siioni. Ua uliofungwa kwa zege kona hadi kona ni sakafu iliyohamishiwa nje, na gharama yake kwa mwenye nyumba, kwa jirani anayeishi bondeni na kwa hali ya hewa ya dunia ni kubwa kuliko tunavyopenda kuizungumza.

Tuanze na hesabu. Chukua ua wa mita 5 kwa 8, yaani mita za mraba 40, nafasi ya kawaida kabisa inayobaki mbele ya nyumba ya mjini. Pevingi za unene wa sentimita 6 zikitandazwa hapo zinakula mita za ujazo 2.4 za zege, uzito unaozidi tani tano. Kwa mchanganyiko wa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, hizo ni kilo 840, takriban mifuko 17 ya kilo 50. Hapo sijahesabu saruji ya kingo, ya vyungu wala ya kile kikalio kilichojengewa ukutani.

Saruji hiyo inatoka wapi? Kwa mkazi wa Dar es Salaam jibu liko karibu: Wazo, ambako mawe ya chokaa yamekuwa yakichimbwa na kuchomwa tangu 1966. Jiwe la chokaa likichanganywa na udongo huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi mpaka ligeuke klinka, na klinka ikisagwa ndiyo saruji. Moshi wa kuwasha tanuri kila mtu anauelewa. Tusiouona ni ule unaotoka ndani ya jiwe lenyewe, kwa sababu chokaa ikipata joto kali huachia hewa ya ukaa iliyofungwa humo tangu enzi za bahari ya kale. Sehemu hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya ukaa wote wa saruji. Hata tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua, jiwe lingeachia ukaa wake uleule. Ndiyo maana saruji inachangia kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani kote.

Kwa mifuko ile 17 tunazungumzia nusu tani ya hewa ya ukaa, pengine zaidi. Mti mmoja uweze kuivuta nusu tani hiyo na kuihifadhi, lazima ujenge mwilini mwake kilo 270 hivi za mti mkavu. Huo ni mwarobaini uliokomaa, wenye shina nene na matawi ya kufunika paa la jikoni. Ua la kwenye chungu halifiki huko hata likimwagiliwa milele. Na pevingi zenyewe zimeshahakikisha kwamba mwarobaini huo hauna pa kuota.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema anataka bustani rafiki kwa mazingira, swali langu la kwanza halihusu mimea. Namuuliza ni nini amekataa kukimwaga. Bustani ndogo ya mjini huamuliwa kabla mche wa kwanza haujanunuliwa, siku ile fundi anapouliza amwage mpaka wapi.

Najua kwa nini watu wanamwaga. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ni vumbi. Mama anayefagia uani alfajiri, mzee anayetembea kwa mkongojo, mtoto anayetambaa, gari linalokwama kwenye tope: wote hawa wana hoja. Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba katika pwani hii, na anayewaambia watu waache majani yaote mpaka mlangoni hajaishi nao. Lakini mahitaji hayo hayamalizi mita 40. Gari linahitaji njia mbili za magurudumu, kila moja upana wa sentimita 60. Mzee anahitaji njia moja imara na tambarare, mita 1.2, kutoka getini hadi mlangoni. Anayefua anahitaji pa kusimama pasipo na tope. Jumlisha yote hayo na bado nusu ya ua ule inabaki udongo. Nusu hiyo ndiyo ninayoipigania.

Siku hizi kuna wanaokimbilia nyasi bandia wakidhani ndiyo njia ya katikati. Nyasi hizo ni plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Saa nane mchana zinachoma nyayo, zikizeeka zinamomonyoka vipande vidogo vinavyokwenda na maji ya mvua mpaka baharini, na chini yake udongo unakufa vilevile. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 haina sababu ya kutandaza plastiki uwani na kuiita kijani.

Hoja ya maji kwangu ni nzito kuliko hata ya ukaa, kwa sababu matokeo yake tunayaona kwa macho kila mwaka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 80, ambalo si kubwa, linapokea zaidi ya lita 80,000 kila mwaka. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo la kawaida wakati wa masika, bati hilo na ua wa mita 40 vinapokea kwa pamoja lita 6,000. Pale ambapo kila kitu kimefungwa kwa saruji, lita 6,000 zote zinatafuta geti. Zinatoka barabarani, zinakutana na za jirani, zinachimba njia ya mtaa, zinateremka mtoni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, wengi wakiwa wa mabondeni. Ua mmoja hausababishi mafuriko. Nyua laki moja zilizofungwa kwa wakati mmoja zinaongeza maji na kuyaharakisha, na anayelipa ni yule aliyejenga bonde la Jangwani au kando ya Mto Msimbazi kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kujenga mlimani.

Halafu ikaja Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu, unaolisha jiji, yakapungua, jiji likaingia kwenye mgao na watu wakapanga foleni na madumu. Jiji hilihili linalozama Aprili. Maji yalipokuwa yakipita mlangoni tuliyasindikiza yaende zake.

Bustani ndogo inaweza kuyazuia mengi ya maji hayo kwa gharama ya siku moja ya kazi ya koleo. Unachimba bonde la kina cha sentimita 20 hivi, mahali pa chini kabisa pa ua, umbali wa angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na shimo la choo na kisima. Mlizamu wa bati unaelekezwa huko. Kabla ya kuchimba, pima udongo wako: toboa shimo la sentimita 30, lijaze maji mara mbili, mara ya pili utazame saa. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbweni maji yanapotea huku ukiangalia. Kwenye mfinyanzi wa milimani yanaweza kukaa hadi kesho yake, na hapo bonde liwe pana zaidi na la kina kifupi, lenye njia ya kumwagia ziada. Jambo la kushika ni kwamba maji yasituame zaidi ya siku mbili, maana hatutaki kufuga mbu. Ndani ya bonde panda vinavyopenda kulowa na kukauka: magimbi, mchaichai, na pembeni mgomba mmoja au miwili. Maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia nayo yanaweza kwenda kwenye migomba, ila yasifike kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Sasa vifaa. Hapa ndipo Dar es Salaam ina utajiri usiohesabiwa. Jiji hili linabomoa karibu kila siku. Nyumba za Kariakoo na Ilala zinaangushwa kupisha maghorofa, barabara zinapanuliwa, frem za maduka zinahamishwa. Mwaka 2017, upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha uliangusha mamia kwa mamia ya majengo. Nalitaja kwa uzito, kwa sababu kifusi kile kilikuwa nyumba za watu, na wengi hawajasahau. Wenyewe walionyesha njia siku zilezile: walivua mabati, wakang'oa milango na nondo, wakatenganisha tofali nzima na zilizovunjika, wakapakia kwenye mikokoteni. Kilichobaki ndicho kilichoishia kufukia mashimo na mabonde. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa kisayansi uliofanyika hapa Tanzania ukionyesha kwamba kifusi cha ujenzi na bomoabomoa kinaweza kusagwa na kutengenezwa matofali mapya. Kwa bustani hatuhitaji hata kukisaga.

Chukua mapande ya zege ya sakafu iliyovunjwa. Kwa kawaida yana unene wa sentimita 7 hadi 10, upande mmoja umesakafiwa ukawa laini, upande mwingine una makovu ya kokoto. Watu huyaona uchafu. Fundi mwenye jicho huyachambua: makubwa kwa ajili ya njia, ya wastani kwa kingo za matuta, madogo kwa mitaro. Kwa njia ya kupita, unachimba sentimita 15, unashindilia, unamwaga sentimita 5 za mchanga au vumbi la kokoto, unalaza pande moja moja upande laini ukiwa juu, unagonga kwa nyundo ya mpira au kwa mti, unapima kwa pima maji. Mianya iwe ya vidole viwili, usiizibe kwa saruji. Jaza kokoto ndogo, au panda ukoka. Maji yatapita katikati, na mguu utakanyaga pagumu. Pande likititia, unaliinua, unaongeza mchanga, unalirudisha. Hakuna mfuko hata mmoja wa saruji uliofunguliwa, na ukaa wa lile zege ulishatoka zamani. Ulichofanya wewe ni kuzuia mwingine usitoke.

Mchanga nao una habari yake. Kingo za mito ya jiji hili, Mpiji, Tegeta na Mbezi ikiwemo, zimeliwa na uchimbaji wa mchanga mpaka nyumba zikaning'inia. Kila lori la mchanga usilolihitaji ni ukingo wa mto uliobaki mahali pake. Vumbi la kokoto, ambalo ni mabaki ya kiwandani, linafanya kazi ileile chini ya njia.

Panapolazimu kuunganisha mawe, kwa mfano kikalio au ukuta mfupi wa tuta, fikirini chokaa. Wazee waliojenga Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, chini sana kuliko klinka, na inapokauka ukutani hurudisha taratibu sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka kwenye jiwe. Haina usafi wa malaika, maana tanuri za zamani zilikula kuni nyingi. Sababu yangu kubwa ya kuipenda ni nyingine: ukuta wa chokaa unaweza kubomolewa na jiwe likatoka zima. Ukuta wa saruji ukibomolewa, tofali linavunjika kabla kiungo hakijaachia. Ukijenga leo kwa chokaa, au kwa kupanga mawe makavu bila kiungo chochote, umemwachia atakayekuja baadaye vifaa vilivyo tayari. Kwa hiyo akiba ya vifaa vya kesho huanzia kwenye namna tunavyounganisha leo.

Mbao zina adui mmoja anayewashinda wote: mchwa. Picha nyingi za bustani za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, tunazoziona zinatoka nchi za baridi ambako mchwa si tatizo. Hapa paleti ya mbao laini ikilazwa juu ya udongo haimalizi masika mawili. Iinue juu ya vipande vya zege au mawe, pawe na nafasi ya kuona njia za mchwa kabla hazijafika kwenye mbao. Na kabla ya kununua paleti kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere au nyuma ya maduka ya Kariakoo, pindua uangalie gogo la pembeni. Utakuta muhuri uliochomwa: suke la ngano ndani ya kisanduku, herufi IPPC, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba, halafu HT au MB. HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, sumu ya kuulia wadudu inayoharibu pia tabaka la ozoni. Hiyo iache, na isiyo na muhuri wowote usiipandie mboga.

Kuna tabia nyingine ya hapa mjini, kupaka mbao oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Mchwa wanakimbia kweli, lakini oili hiyo imebeba metali na masalia ya injini, na mvua ikinyesha inashuka kwenye mchicha unaowapikia watoto. Kama mbao ni za kukalia tu, mbali na mboga, ni afadhali kutafuta mninga au mvule wa mlango wa zamani, ambao wenyewe unajitetea. Keko, kwa mafundi seremala, vipande vya mninga vilivyobaki huuzwa kwa bei ya kuni. Boriti za mikoko zilizotoka kwenye nyumba ya zamani ni mali, zitumie. Mpya usiagize. Mikoko ya Rufiji imekatwa kwa karne nyingi kupelekwa Uarabuni na Ghuba, na hiyo iliyobaki inazuia bahari kula pwani huku ikihifadhi ukaa mwingi kwenye matope yake.

Si kila kilichookotwa kinafaa, na hapa nasisitiza kwa sababu watu wanaumizwa na nia njema. Vipande vya paa la asbesto, lile la mawimbi ya kijivu kwenye majengo ya zamani, visikatwe wala kuvunjwa nyumbani. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Mbao zenye rangi ya zamani inayobanduka zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mataruma ya reli yaliyolowekwa lami ya kuhifadhia mbao hayafai karibu na chakula, na ya chuma yanaweza kuwa mali ya wizi. Matairi yanavutia kwa kuwa yamejaa kila gereji, lakini tairi linalotuama maji ni nyumba ya mbu wa dengi, na jiji hili limeshapigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Anayelitumia alijaze udongo mpaka juu na apande maua. Mboga apande kwingine. Mapipa ya buluu ya kukingia mvua nayo uliza yalibeba nini. Muuzaji asiyejua, usinunue.

Udongo wenyewe ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Wengi huanza kwa kuagiza lori la udongo mweusi. Mara nyingi udongo huo umechunwa mabondeni, kwenye ardhi iliyokuwa ikifyonza maji ya mafuriko, ukasafirishwa kwa dizeli ili ukafunike mchanga wa mtu mwingine. Tunavunja bonde moja kujenga tuta moja. Udongo unaweza kutengenezwa ulipo, na mfano bora uko Mombasa. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, shimo la matumbawe meupe lisilo na chembe ya rutuba. Alijaribu aina 26 za miti na tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo waliotafuna majani hayo na kuyageuza mboji. Leo pale ni msitu unaojulikana kama Haller Park. Kama udongo umezaliwa kwenye shimo la saruji, utazaliwa Tabata.

Malighafi yake tunapishana nayo kila siku. Simama kwa muuza madafu saa za jioni: panga linapiga mara tatu, mteja anakunywa, dafu linapasuliwa aule ute, na makumbi yanatupwa kwenye rundo linalofika kiunoni. Anashukuru ukiyabeba. Yakipangwa chini ya tuta huhifadhi unyevu kwa miezi. Yakichanwachanwa na kutandazwa juu huzuia jua lisikaushe mizizi. Maranda ya seremala nayo ni mazuri, ila yasiwekwe mabichi kwenye mimea kwa sababu yanapooza hunyang'anya naitrojeni. Yachanganye na samadi ya kuku na uyaache miezi mitatu. Epuka vumbi la mbao za gundi. Ongeza maganda ya ndizi, ya viazi, majani yaliyofagiwa. Yale majani tunayoyachoma kila asubuhi, moshi ukiingia dirishani kwa jirani, ndiyo chakula cha bustani. Na taka za jikoni zikipelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa. Kwa kaya moja, rundo la mboji kwenye kona ni hatua kubwa kuliko taa zote za sola za bustanini.

Tahadhari moja kuhusu kifusi: vipande vyenye plasta na saruji huongeza chumvi ya chokaa kwenye udongo, na udongo wa pwani yenye matumbawe tayari unayo. Ndimu ikipandwa juu ya kifusi majani yake yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili kwamba mizizi imeshindwa kupata chuma. Kifusi kikae chini ya njia na kwenye mitaro, ndimu na mchungwa vikae kwenye mboji.

Kuhusu mimea sitasema mengi, kwa sababu wasomaji wa pwani wanaijua kuliko mimi. Asumini na mkilua karibu na dirisha, mrehani mlangoni, mlonge kwenye kona, mpapai mmoja, matembele yakifunika udongo, mnavu na mlenda vikijiotea. Mti mmoja wa kivuli upande wa magharibi wa nyumba utapunguza joto la alasiri chumbani na gharama ya feni. Anayenunua zulia la nyasi linalodai maji kila siku ajiulize atalimwagilia kwa nini siku ya mgao.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye viwanja, na wakazi wengi wa jiji hili ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili wanaochangia uani na familia nne. Ni kweli, na ndiyo maana napendelea vitu vinavyolazwa bila kuunganishwa. Mpangaji anaweza kupanga tuta la tofali kavu leo na kulihamisha mkataba ukiisha. Lakini hawezi kuvunja pevingi za mwenye nyumba. Uamuzi mkubwa uko kwa anayejenga, na kwa anayempa kibali.

Kwa hiyo naziomba halmashauri tano za Dar es Salaam mambo mawili. Fomu ya kibali cha ujenzi iulize ni sehemu gani ya kiwanja itabaki udongo wazi, na jibu likiwa sifuri, mchoro urudishwe. La pili, kila halmashauri itenge eneo la kupokelea kifusi, ambako lori la bomoabomoa linashusha na mwananchi ananunua kwa kipande: tofali nzima mahali pake, mapande ya zege mahali pake, mbao mahali pake, asbesto ikizuiwa getini. Kuchambua na kugonga saruji iliyoganda kwenye tofali ni ajira kwa vijana ambao mtaji wao ni nyundo na tindo, na ardhi ya kuwapa iko mikononi mwa halmashauri.